Pitia Salgaa Kwanza

Njeri,

Kaa chini kwanza ndipo usome. Usisome umesimama mlangoni na begi begani kama mtu anayeangalia bei kwa duka. Karatasi hii nimeiweka juu ya vitu vyako makusudi, kwa sababu kesho asubuhi ukitoka mimi nitakuwa bandani nakamua, na wewe ukikasirika ni mtu wa kuondoka bila kuaga. Nakujua. Hata mimi niko hivyo, na jina ulilopewa ni langu.

Ningekwambia kwa mdomo, lakini sisi wawili tukianza kuongea, Mama Kamau hapo ng'ambo ya ua anazima redio yake ili asikie vizuri. Jana tumempa burudani ya kutosha. Wewe mjukuu wangu ulisema, "Shosho, achana na maisha yangu." Mimi nikasema nitaachana nayo siku utakayoacha kula ugali wangu. Hapo mazungumzo yakaisha, ukaanza kupanga nguo. Kwa hivyo jioni hii, wakati umeenda kuaga wenzako wa kwaya, naandika. Nilisoma mpaka darasa la nne, na jicho moja sasa linaona kama limefunikwa na maziwa, lakini herufi bado nazijua. Ukiona mahali nimekosea, sahihisha kwa moyo wako. Usiniambie.

Sitaandika habari ya sweta, wala ya kula, wala ya wanaume wa Thika. Kama hukusikia hayo nikiyapigia kelele miaka yote, hutayasikia kwa karatasi. Nina jambo moja tu. Kesho saa nne wanakungoja kule Salgaa, kwa ile hoteli yenu, ueleze upande wako kabla hawajaamua kama watakufuta. Na wewe umeamua kwamba ukishuka Nakuru utapanda gari la Thika kwa binamu yako, wao wabaki wamekaa mezani wakikungoja mpaka chai ipoe. Unaona hivyo ndivyo utakuwa umewashinda.

Mimi niliwahi kushinda hivyo hivyo. Ngoja nikwambie nilishinda nini.

Unajua kwamba nilifanya kazi kwa lile shamba kubwa la viazi huku juu Dundori, mama yako Wairimu akiwa bado mdogo. Unajua pia vile nilitoka: nilivua aproni, nikaitupa kwa matope mbele ya meneja, nikaenda zangu nyumbani shingo juu. Hiyo umeisikia mara nyingi. Ukiwa mtoto ulikuwa ukiiga, unavua kitambaa cha meza unakitupa chini, na mimi nacheka badala ya kukuchapa. Makosa yalianza hapo. Nilikuwa nasimulia nusu, ile nusu tamu.

Shamba lile lilikuwa na desturi. Viazi vikishachimbwa, sisi wanawake tulikuwa tunavichagua juu ya meza ndefu za mbao. Vikubwa vinaenda kwa magunia ya soko, vya katikati vinawekwa vya mbegu, na vile vidogo kama gololi, ambavyo hakuna mnunuzi anavitaka, tunagawana jioni tunabeba nyumbani. Nani aliandika hiyo sheria? Hakuna. Nyapara wetu ndiye alikuwa akisema, "Chukueni hizo takataka mniondolee hapa." Tunavichemsha na maganda yake, watoto wanalala wameshiba. Hakuna aliyeona ni wizi, hata askari wa geti alikuwa anabeba vyake kwa kofia.

Halafu akaja meneja mpya. Akasema chochote kitakachopita getini ni mali ya shamba, na atakayepatikana nacho ataenda nyumbani. Alimwambia nyapara atutangazie. Nyapara naye, kwa sababu alituonea haya, alikuja mezani akasema tu, "Akina mama, mpunguze kidogo." Basi tukapunguza. Badala ya gunia kila mtu, tukawa gunia moja watu wawili. Kwa akili zetu hiyo ilikuwa heshima kubwa kwa meneja.

Mwenzangu wa gunia alikuwa Mama Soni. Wewe unamjua akiwa mzee wa kutembea na fimbo. Wakati huo alikuwa na mikono ya haraka kuliko mtu yeyote kwa ile meza, na alikuwa akiimba vibaya sana. Mumewe alikuwa ndugu ya nyapara. Jioni moja yeye alishika pembe moja ya gunia, mimi nikashika ingine. Tulipofika getini, meneja alikuwa amesimama pale na gari lake.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yetu," tukasema pamoja.

Asubuhi tukaitwa. Mama Soni aliambiwa asirudie tena, aende akachague viazi. Mimi nikaambiwa nisiingie kazini. Nirudi Jumatatu ofisini, nieleze kwa nini nisifutwe, na kama nataka nije na mfanyakazi mwenzangu wa kukaa na mimi. Nyapara alikuwa hapo pembeni anaangalia viatu vyake.

Nikamwambia yule meneja, "Nieleze nini? Gunia si uliliona? Ulihesabu mikono mingapi juu yake?"

"Njoo Jumatatu useme hayo, mama."

"Sina haja na Jumatatu yako."

Hapo ndipo aproni iliruka. Wanawake kwa meza walipiga makofi, mwingine akapiga kigelegele. Nilitembea kutoka pale mpaka nyumbani nikijisikia kama nimeoa na kuolewa siku moja. Na ile Jumatatu ilipofika, unajua nilikuwa wapi? Nilikuwa napalilia maharagwe. Tena nilichagua yale ya kando ya barabara, ili lori la shamba likipita wanione vile sina habari nao.

Hiyo ndiyo nusu unayoijua. Sasa nusu ingine.

Wao waliandika kwamba nimetoroka kazi. Hawakuandika viazi, hawakuandika gunia, hawakuandika Mama Soni. Mtu ameitwa, hakuja, ametoroka. Nilipoenda kuomba kazi mashamba mengine, huku na hata kule Mau Narok, wa kwanza ananiuliza ulikuwa wapi, nasema. Anauliza cheti chao cha kazi kiko wapi, nageuka naondoka. Wa pili hivyo hivyo. Nikawa wa kibarua cha leo upo kesho haupo, mimi niliyekuwa nikifundisha wasichana kutofautisha kiazi cha mbegu na cha kula kwa kukigusa tu.

Baadaye sana, kuna mtu kanisani alinisukuma niende ofisi ya kazi, Nakuru. Nilikuta mwanamke mdogo ambaye angeweza kuwa binti yangu, ana kikombe kikubwa cha chai na macho makali. Nilimweleza kila kitu kwa sauti ya kujaza hiyo ofisi. Akanisikiza mpaka mwisho, kisha akaniuliza polepole.

"Mama, walikuita ujieleze?"

"Waliniita."

"Ulienda?"

"Sikuenda."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Mimi? Sijawahi kuwa mgonjwa. Mimi si mtoto wa kuitwa ofisini."

Akaweka kalamu chini. Akasema, "Ulionewa, hilo naliona. Watu wawili, kosa moja, siku moja, gunia moja, halafu mmoja anaonywa na mwingine anafukuzwa. Mwajiri akifanya hivyo lazima awe na sababu ya kutosha ya kuwatofautisha, na kuwa shemeji ya mtu si sababu. Kama wangekufuta bila kukusikiza, ningewauliza. Kama wangekusikiza halafu wakufute wewe na wamwache mwenzako, ningewauliza zaidi. Sasa wataniambia walikuita, hukutokea. Niwaulize nini, mama?"

Aliwaandikia, usidhani alinidharau. Wakajibu kwamba nilitoroka. Ikaishia hapo. Nilitoka hapo nimemkasirikia yeye, kwa sababu alikuwa ndiye wa karibu.

Na Mama Soni? Huyo niliacha kumsalimia. Tangu asubuhi ile alipoambiwa arudi mezani akarudi, kwangu alikuwa amekufa. Akinipungia mkono sokoni, mimi naangalia kabichi. Akikaa benchi moja na mimi kanisani, nahama. Watu walijua. Kukiwa na sherehe walikuwa wanapanga nani aalikwe saa ngapi ili tusikutane. Niliona naheshimiwa, kumbe nilikuwa naogopwa tu kama mbwa mkali.

Ilikuwa kwa matanga ya mzee Gitau ndipo wapishi, bila kujua, walituweka sufuria moja tumenye viazi. Ndiyo, viazi tena. Tulimenya, halafu yeye, bila kuinua uso, akasema:

"Mama Wairimu, ile Jumatatu nilikaa kwa benchi ya ofisi tangu asubuhi."

Nikamuuliza, "Jumatatu gani?" na nilijua Jumatatu gani.

"Nilikuwa nimekuja kuingia na wewe. Waliposema uje na mwenzako, nilisema ni mimi. Nilikuwa nimwambie meneja kwamba gunia lilikuwa letu wawili, na kwamba shemeji yangu hakututangazia vizuri, alisema tupunguze, na tulipunguza. Mume wangu alinikataza, nikaja tu. Nikakaa. Karani akatoka akasema, nenda kazini, mwenzako hatakuja."

"Na kwa nini hukuja kuniambia mapema?"

"Nilikuja mara mbili! Ulinipita njiani kama umepita mti. Nikasema basi, nitamkuta huko huko. Mdomo kama huo wako, nani angedhani hautakuja mahali pa kuongea?"

Wanawake wengine walicheka. Mimi nilimenya kile kiazi mpaka kikaisha mkononi.

Sasa hiyo sikukwambia kamwe, kwa sababu kwa ile hadithi yangu nzuri hakuna mahali pa kuweka mwanamke amekaa kwa benchi.

Turudi kwako. Wewe na Mercy mlibadilishana shifti. Wewe ulifanya siku yake, yeye akafanya yako, na hamkumwambia meneja, na sheria ya hoteli ni kwamba mnamwambia. Hilo ni kosa, usinikunjie uso. Lakini kubadilishana ni kazi ya watu wawili. Hakuna mtu anaweza kubadilishana peke yake, hata awe na akili namna gani. Halafu Mercy, ambaye mwenye hoteli ni dada ya mama yake, akaambiwa tu, "Wewe, usirudie." Wewe ukapewa barua ya kusimamishwa. Na meneja akakuita kando akakwambia, sauti ya upole, kwamba itakuwa rahisi kwako kuandika mwenyewe kwamba umeacha kazi. Ulipofika hapa ulinisimulia hayo, na mara moja ukamlaani Mercy, ukamfungia simu.

Leo mchana Mercy alinipigia mimi.

"Shosho, niaje? Ni Mercy wa Salgaa."

Nikamwambia niko vile niko, na kama amekosa mtu wa kusalimia, atafute mama yake mdogo mwenye hoteli. Mercy akasema, "Shosho, nigombeze tu, lakini usikate. Njeri ameniblok. Barua yake imesema anaweza kuja na mfanyakazi mwenzake. Mwambie anichague mimi. Nitaingia na yeye niseme ni sisi wawili tulibadilishana, na ni mimi nilimwandikia jina kwa kitabu cha kuingia."

"Na mama yako mdogo akikufukuza?"

"Akinifukuza mimi pia, si basi itakuwa haki? Lakini hawezi. Na hiyo ndiyo inaniuma."

Nilimwambia neno ambalo sijawahi kumwambia msichana wa rika lenu: nilimwambia asante. Kesho saa tatu na nusu atakuwa amekaa kwa ile benchi iliyo karibu na tangi la maji, mbele ya ofisi. Unaijua. Ukitaka kupanda gari la Thika, panda, lakini ujue kuna mtu kwa benchi. Mimi sikujua. Wewe umejua sasa, na huwezi kujifanya.

Ukienda, nenda na akili, si na mdomo wangu. Yule mwanamke wa ofisi ya kazi nilimkasirikia lakini maneno yake niliyashika. Lazima wakwambie kosa lako kwa lugha unayoelewa. Wakianza Kiingereza cha kuzunguka, waambie warudie kwa Kiswahili, na usione haya, haya ndiyo imetumaliza sisi. Usikatae kwamba mlibadilishana. Sema ndiyo, tulibadilishana, sikumwambia meneja, nilikosea. Mtu akikubali lake, anayemsikiza hukosa pa kumshikia. Kisha uliza, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayeuliza bei ya sukari: mwenzangu alipewa adhabu gani, na tofauti yetu ni nini? Halafu nyamaza. Hapo ndipo mimi ningeharibu, ningeongeza neno juu ya kipara cha meneja. Wewe nyamaza wajibu wao, na Mercy akiwa hapo kando yako aone wakijibu.

Usiandike kwamba umeacha kazi. Hujaacha. Karatasi wakikupa ya kuweka sahihi, soma mpaka chini, na kama huielewi sema utaenda nayo nyumbani kwanza. Wakikufuta hata hivyo, waulize sababu kwa maandishi, na cheti chako cha kazi uondoke nacho, maana hicho ni chako hata kama wamekufukuza na mbwa. Ofisi ya kazi bado iko Nakuru, na safari hii utakapoulizwa "Ulienda?" utasema nilienda.

Najua hawatasema, "Tusamehe, Njeri." Mimi si mjinga. Pengine watakufuta hiyo saa tano. Sikutumi huko ushinde.

Sasa neno ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu nianze. Ulibadilisha shifti kwa sababu ya kunipeleka kliniki ya macho. Mimi sikukuomba. Nilikwambia jicho ni langu na litafuata meno yangu yaliyong'oka likitaka, lakini uliniburuta mpaka Nakuru, na ulikaa na mimi kwa ile foleni ukinisomea majina ya dawa ukutani. Meneja alipokuuliza ulikuwa wapi siku ile, ulimjibu, "Hiyo ni habari yangu." Niliposikia hivyo nilitaka kukuzaba kofi, halafu nikasikia ni sauti yangu inatoka kwa mdomo wako.

Waambie. Waambie nyanya yako haoni vizuri na hana mtu mwingine wa kumshika mkono barabarani. Hiyo si aibu yako, na kama ni aibu ni yangu, na mimi nimekupa ruhusa. Jicho ni langu. Kadi ya kliniki nimeitia kwa mfuko wa mbele wa begi, ina tarehe yake, wakitaka kuiona waione.

Yunifomu uliyoitupa nyuma ya banda niliiokota. Ng'ombe alikuwa ameshaikanyaga. Nimeiosha mara mbili, nimeipiga pasi, na kifungo cha shingoni kilikuwa kimepotea kwa hivyo nimeshona kingine, hakifanani sana na wenzake lakini kinafunga. Iko hapo chini ya karatasi hii. Wakikurudisha kazini, ivae. Wakikufuta, wape mkononi, imekunjwa, uwaangalie machoni wakiipokea. Baada ya hapo gari za Thika zipo mchana kutwa, na mimi sitasema neno.

Aproni yangu mpaka leo sijui ni nani aliiokota kwa yale matope.

Mimi shosho wako,
Njeri wa kwanza